Kiswahili cha Jenerali: Uigizaji wa Idi Amin Ukisikilizwa Kutoka Usangi

Mnamo mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya mji wa Kampala kutwaliwa, ilitoka sinema iitwayo Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa nchini Kenya. Nafasi ya Jenerali Idi Amin ilishikwa na Joseph Olita, Mkenya wa Siaya, mtu mwenye kimo na kifua vilivyokaribia vya jenerali mwenyewe. Wapo wachezaji waliomtangulia: Julius Harris mwaka 1976 na Yaphet Kotto mwaka 1977, wote wawili Wamarekani, katika sinema zilizohusu mateka wa Entebbe. Wapo pia waliomfuata, na mmoja wao, Forest Whitaker, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Walakini katika Afrika ya Mashariki sura ya Amin wa sinema ni sura ya Olita. Mira Nair alipohitaji Amin kwa sehemu fupi ya sinema yake Mississippi Masala, ya mwaka 1991, alimwita huyo huyo. Na mpaka alipofariki mwaka 2014 Olita alijulikana kwa nafasi ile kuliko nyingine yoyote.

Juu ya kufanana kwao yamesemwa mengi. Jambo ambalo halikusemwa vya kutosha ni la lugha. Jenerali wa Olita husema Kiingereza, naye jenerali wa historia aliliamuru jeshi lake kwa Kiswahili. Huenda wengine wakaona kuwa hili ni dogo, maadamu sinema yo yote huchagua lugha ya watazamaji wake na mambo yakaendelea. Lakini katika habari ya Amin lugha si vazi la juu tu. Mtu aliyekuwa mwepesi na mwenye nguvu katika lugha moja ameigizwa miaka karibu hamsini katika lugha nyingine ambayo hakuwa mwepesi ndani yake, na katika safari hiyo amegeuka kichekesho. Tena Kiswahili chenyewe kimepata hasara kwa njia hiyo, hasa nchini Uganda, na hasara hiyo haijesha.

Usangi, katika milima ya Upare wa Kaskazini, ni mahali panapofaa kusikilizia habari hii, ijapokuwa si Uganda wala si mpakani. Sababu ya kwanza ni ya lugha. Wenyeji ni Vaasu, mmoja wao ni Mwasu, na lugha yao ni Chasu. Katika majina hayo matatu tu msomaji aweza kuuona mfumo wa ngeli ukifanya kazi: viambishi vinavyoonyesha mtu, watu na lugha, na kiambishi ki- kikigeuka ch- mbele ya irabu kama katika Kiswahili. Majirani zao wa Ugweno wana Kigweno, kilicho karibu na Kichaga. Basi Kiswahili cha Usangi ni lugha iliyopandishwa mlimani na shule, kanisa, msikiti na soko, ikaketi juu ya lugha ya Kibantu yenye ngeli kamili. Mwasu anayejifunza Kiswahili aweza kukosea msamiati au lafudhi. Lakini kwamba sifa na kitenzi hulifuata jina, hilo analijua kabla hajaingia darasani. Kwa hiyo akimsikia askari akisema “ile kitu”, hapo hapo hujua kuwa Kiswahili hiki hakikutoka nyumbani kwa mtu wa namna yake.

Sababu ya pili ni ya historia. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliteremka kutoka upande wa Kahe, safu moja ikifuata reli ya kutoka Moshi kwenda Tanga na nyingine ikifuata mto Pangani. Safu ya tatu, kikosi cha King's African Rifles, ilitoka Mbuyuni ikapenya pengo la Ngulu, linalotenga Upare wa Kaskazini na Upare wa Kusini, ikakutana na wenzake Same. Jeshi hilo la King's African Rifles ndilo wananchi waliloliita Keya. Kwa hiyo lugha inayozungumzwa hapa ilipita chini ya milima ya Usangi miaka 30 kabla Idi Amin hajaandikwa jeshini. (Jemadari wa upande wa pili, Paul von Lettow-Vorbeck, naye ameigizwa: Tom Bell alimcheza mwaka 1993 katika masimulizi ya televisheni ya ujana wa Indiana Jones, akamfanya muungwana wa makamo anayetekwa kisha akaachwa aende zake. Lettow wa kweli hakutekwa. Alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kukoma Ulaya. Naye pia, aliyewaongoza askari wake kwa Kiswahili, katika sinema hiyo ni mtu wa Kiingereza.)

Sasa Kiswahili cha Keya kilikuwa lugha ya namna gani? Katika vitabu vya sarufi hutajwa kwa kifupi, na aghalabu kwa dharau, kama Kiswahili kilichovunjika. Neno hilo halifai kitaalamu. Kitu kilichovunjika hakina kanuni, na Kiswahili cha Keya kina kanuni zake. Chukua sentensi tatu za mfano, zilizotungwa hapa kwa kufuata desturi ya lugha hiyo. “Mimi apana taka maneno mingi.” “Ile kitu iko wapi?” “Yeye kwisha kwenda.” Msemaji wa Kiswahili Sanifu angesema: sitaki maneno mengi, kile kitu kiko wapi, amekwisha kwenda. Katika ya kwanza, ukanushi wote wa kitenzi, ambao katika Kiswahili Sanifu hubadilika kwa nafsi na kwa wakati, umekusanywa katika neno moja lisilobadilika, apana, linalowekwa mbele ya kitenzi. Katika ya pili, ngeli zote za vitu zimeangukia katika upatanisho mmoja, na kitenzi iko kimechukua kazi ya viko, kiko, liko, uko na zipo. Katika ya tatu, tendo lililotimia huonyeshwa na kwisha bila kiambishi cha nafsi wala cha wakati, nafsi ikibaki kwa yeye. Mwenye kusema lugha hii hakosei ovyo ovyo. Hukosea mahali pale pale kila mara, na kosa linalorudi mahali pale pale kila mara huwa ni kanuni.

Mahali lilipotoka jambo hili panajulikana. Keya ya mwanzo ilikuwa na Wanubi wengi, wazao wa askari wa Sudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao Lugard aliwaleta Uganda mwaka 1891, na lugha yao ilikuwa krioli ya Kiarabu. Juu yao wakaongezwa vijana wa kaskazini ya Uganda, Wakakwa, Walugbara, Waacholi, Walango, ambao lugha zao si za Kibantu na hazina ngeli za namna hii. Pamoja nao wakawamo Wakamba, Wayao, Wanandi na wengineo, na juu ya wote maofisa Waingereza waliotakiwa kujifunza lugha ya askari wao. Hapa ndipo sikio la Usangi linapofaa. Husemwa mara kwa mara kwamba ngeli zilipotea katika Kiswahili cha bara kwa sababu watu wa bara si Waswahili. Lakini Mwasu si Mswahili, na ngeli hazikumpotea. Zilipotea pale ambapo watu wa lugha za jamii mbalimbali kabisa walitupwa pamoja katika kambi moja, wakahitaji kuelewana upesi, gizani, katika kelele, chini ya amri. Lugha ya namna hiyo hupunguza kila kinachoweza kupunguzwa na kuacha kile ambacho masikio yote yaweza kukishika.

Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946, akiwa mpishi msaidizi. Alipanda daraja moja baada ya moja, akafanywa efendi mwaka 1959 na kupewa kamisheni mwaka 1961. Cheo hicho cha efendi ni neno la Kituruki lililofika kwa njia ya Misri na Sudani, na ndilo hilo hilo ambalo katika makambi ya Tanzania na Kenya hutamkwa afande mpaka leo. Alikuwa mtu wa lugha nyingi: Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiganda kiasi, na Kiswahili cha Keya. Kiingereza chake kilikuwa cha baadaye na cha kazini. Alipotwaa serikali tarehe 25 Januari 1971 alikuwa amekaa robo ya karne katika taasisi ambayo ndani yake Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamrisha, kuonya, kufanya mzaha na kutisha. Hapo alikuwa fasaha. Ufasaha si sifa ya wema, wala si usahihi wa kisarufi. Ni uwezo wa mtu kutenda atakalo kwa maneno, na kwa kipimo hicho jenerali yule hakupungukiwa na kitu mbele ya askari wake.

Mbele ya walimwengu alionekana kwa Kiingereza. Nchini Uingereza Alan Coren aliandika katika gazeti la Punch vipande vya mzaha vilivyojifanya kuwa maneno ya Amin, na John Bird akavisoma katika sahani ya santuri ya mwaka 1975. Mzaha wote ulisimama juu ya Kiingereza kilichoharibiwa: mtu anachekwa si kwa alilotenda, bali kwa vitenzi vyake. Mwaka huo huo wa sahani, mhadhiri Mwingereza aliyekuwa Uganda, Denis Hills, alihukumiwa kufa kwa kumwandika Amin vibaya, kisha akaachiliwa. Wenye kucheka London na mwenye kungoja kitanzi Kampala walikuwa wakimsikia mtu mmoja. Barbet Schroeder aliyaona haya mapema zaidi katika sinema yake ya mwaka 1974, ambamo Amin hakuigizwa na mtu, alijiigiza mwenyewe. Katika kikao cha mawaziri kinachoonyeshwa humo, Kiingereza cha rais chazunguka na kurudiarudia, na mtazamaji wa mbali aweza kutabasamu. Mawaziri hawatabasamu, wanaandika. Haukupita muda mrefu, waziri wa mambo ya nje, Luteni Kanali Michael Ondoga, akaonekana amekufa katika mto Nile.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta Olita: jenerali ambaye Kiingereza kilikwisha kumfanya mwanasesere. Naye hakupewa lugha nyingine ya kufanyia kazi. Alichoweza kufanya, na ndicho kinachoufanya uigizaji wake ukumbukwe, ni kuipitisha lugha ya pili chini ya ile ya kwanza. Sauti yake haiigizi Kiingereza kibovu kama alivyofanya Bird. Ni Kiingereza cha mtu wa Afrika ya Mashariki aliyekijenga juu ya lugha nyingine, na Olita hakulazimika kukibuni, kwa kuwa kilikuwa chake. Kisha kuna mwendo wa ukali na kicheko. Amin wake hucheka kwa mwili mzima, na kicheko hukatika ghafula, na uso uliobaki ni wa mtu anayengoja kutiiwa. Aliyewahi kusikia amri za kambini huutambua mkato huo. Ni mkato wa lugha yenye sentensi fupi, isiyo na viungo vingi, ambamo baada ya neno la mwisho hakuna ila kunyamaza. Kwa maneno mengine, Olita alisema Kiingereza kwa mapigo ya Kiswahili cha Keya. Sinema yenyewe ina kasoro nyingi. Yapenda damu kuliko sababu, na mahali pengi yakimbilia vitisho pale ambapo ingefaa kueleza. Lakini yeye hakuwa kasoro yake. Ajabu nyingine ya sinema hiyo ni kwamba Denis Hills yule yule aliyehukumiwa kufa alikubali kujicheza mwenyewe, basi ndani yake mtu wa kweli asimama mbele ya jenerali wa kuigiza.

Whitaker alifika kwa njia nyingine. Alipojitayarisha kwa The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda kwenyewe na kutolewa mwaka 2006, alijifunza Kiswahili. Ni mchezaji aliyetambua mahali kazi ilipo. Hata hivyo sinema hiyo, iliyotokana na riwaya ya Giles Foden, ni hadithi ya daktari Mskoti, na jenerali aonekana kwa macho ya daktari. Kwa hiyo Kiswahili kilichojifunzwa kilitumika zaidi kama msingi wa lafudhi kuliko kama lugha ya kutendea. Ujuzi wa Whitaker ni mkubwa, na tuzo aliistahili. Lakini mtu akiwasikiliza wote wawili bila kutazama picha, wa Olita ndiye atakayemwamini kuwa amelala kambini.

Yafaa sasa kuitazama Uganda, maana huko ndiko jambo hili linakouma. Kiswahili hakikuchukiwa Uganda kwa sababu ya Amin peke yake. Gavana Gowers alipotaka kukipa nafasi katika elimu mwaka 1927 alipingwa, na Kabaka Daudi Chwa aliandika dhidi yake mwaka 1929. Mwaka 1973 wawakilishi wa wilaya 20 waliulizwa: wilaya 12 zikataka Kiswahili, 8 zikataka Kiganda, na Amin akatoa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Hivyo lugha iliyochaguliwa kwa wingi wa wilaya ilitangazwa kwa kinywa cha mtu ambaye askari wake walikuwa wakigonga milango usiku kwa lugha hiyo hiyo. Pigo hilo halikupona upesi. Kwa raia wa Kampala, Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani.

Wala hakikukoma Amin alipoondoka. Majeshi yake yalivamia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Askari na mgambo wa Tanzania walikusanywa kutoka mikoa yote, Kilimanjaro ukiwamo. Mwasu aliyekuwamo katika safu hizo aliingia Masaka na Kiswahili chenye ngeli, akakuta watu wanaokiogopa kabla hajakitamka, na mateka wanaokisema bila ngeli. Yaani vita vile vilipiganwa baina ya Kiswahili viwili. Waganda waliwaita wageni wao bakombozi, wakilichukua neno wakombozi na kulitia kiambishi chao cha ba-. Roketi za Tanzania wakaziita saba-saba. Ilikuwa nafasi ya lugha kujisafisha jina. Nafasi hiyo haikudumu. Mwaka 1981, chini ya serikali iliyofuata, misako ya watu mitaani ilipata jina la panda gari, na hapa tena ni Kiswahili, tena ni amri, tena ni mtu mwenye bunduki. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha kifundishwe shuleni. Mwalimu anayekwenda kukifundisha hukuta jenerali amekwisha kuketi darasani.

Na Tanzania haina haki ya kujiona safi katika habari hii. Neno nduli, lililovuma wakati wa vita, limeshikamana na Amin hata kwa wengi halina mtu mwingine wa kumhusu. Hilo ni haki ya vita. Ila mzaha uliozoeleka baadaye, wa kumwigiza Amin na askari wake kwa Kiswahili kisicho na ngeli ili watu wacheke, ni ndugu wa mzaha wa John Bird. Mwingereza alimcheka kwa Kiingereza chake, Mtanzania amcheka kwa Kiswahili chake, na wote wawili wakafikiri kwamba wameeleza kitu juu ya udhalimu. Hawakueleza. Lahaja ile ile ilisemwa na maelfu ya askari waliotumikia Keya nchini Burma na kurudi makwao bila kumdhuru mtu, na baadhi yao walirudi katika vijiji vya Upare wakiwa na maneno ya kambini midomoni. Ukatili haukutokana na “ile kitu”.

Kwa hiyo siku mwandishi wa tamthilia au wa sinema atakapomleta Amin jukwaani kwa Kiswahili, kazi ngumu itakuwa kumpa Kiswahili chake kwa ukamilifu, bila kukisafisha kiwe Kiunguja na bila kukiharibu zaidi ili kichekeshe. Awe na apana yake mahali pake, iko yake mahali pake, na maneno ya Kinubi yanayoingia pale anapogeukia watu wake wa karibu. Askari waliokuwa mbele yake hawakumsikia kama mtu anayekosea. Mtazamaji naye, akisikia sarufi isiyoyumba kwa saa mbili, ataacha kuicheka baada ya dakika kumi, na hapo ndipo ataanza kuogopa.

Vifaa vya kazi hiyo ni haba. Maonyesho ya picha za enzi ya Amin yaliyofanywa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019 yalimwonyesha jenerali mara nyingi akihutubia, kinywa wazi, kidole juu, picha hazisemi. Sarufi kamili ya Kiswahili cha Keya, iliyokusanywa kwa wasemaji wenyewe, ndiyo inayotakiwa. Aliyeandikwa jeshini pamoja na Amin mwaka 1946, akiwa na miaka 20, sasa angekuwa na umri wa miaka kama 100. Lakini walioandikwa katika miaka ya 1970, huko Koboko na Arua, wangali wapo wanaoisema, na wao sasa ni wazee.